Carina ya Mama Thuwaiba

3 Februari, Jumatatu

Nimenunua daftari hili ili nisibishane tena na mtu. Wiki iliyopita mteja alisimama mlangoni pa garage yangu, hapa avenue ya kumi na mbili, Buyenzi, akaapa kwamba nilimfungia breki juzi juzi, wakati mimi najua ilikuwa kabla ya Idi ya kuchinja. Sikuwa na ushahidi ila mdomo wangu, na mdomo wangu, anasema mke wangu Fatouma, haujawahi kumsaidia mtu. Basi kuanzia leo kila kazi itaandikwa: tarehe, gari, aliyefanya. Aliyefanya ni mimi, Karimu, peke yangu, kwa sababu Shakuru ameondoka.

Mvua tangu alfajiri.

4 Februari

Filta ya mafuta, Starlet. Mafuta yenyewe mjini hakuna, lakini filta ni mpya.

7 Februari, Ijumaa

Watu wananiuliza Shakuru yuko wapi. Niandike mara moja yaishe.

Mimi na Shakuru tulijifunza kazi kwa marehemu Mzee Huseni, hapa hapa. Mzee alikuwa na mtindo wake. Kila alipobadilisha triangle, yaani ule mkono wa chini unaoshikilia gurudumu la mbele, hakukaza bolti za mwisho mpaka gari ishushwe kutoka kwenye kriki ya kuinulia, isimame kwa magurudumu yake juu ya shimo la garage, na watu waingie ndani. Mwenye gari anakaa mbele, sisi wanafunzi nyuma. Mzee yuko shimoni chini yetu, anasoma Fatiha na kukaza, anasoma na kukaza. Tuliita kukalisha. Alipofariki tukaendelea, kwa heshima yake. Mwaka ule ziwa lilipopanda shimo likajaa maji, nikalifukia. Shakuru akaanza kupandisha magurudumu juu ya matofali ili apate pa kuingia chini na aendelee kukalisha watu wake.

Mwezi wa kumi na mbili nilisikiliza mhadhara kwenye simu kuhusu bid'a, mambo watu waliyoyazua wakayaita dini. Shehe hakutaja gari. Ni mimi niliyejumlisha. Nikamwambia Shakuru kwamba kusomea bolti ni ushirikina, kwamba fundi anakaza kwa spana na nguvu zake, gari ikiwa juu ya kriki ambapo mkono unafika vizuri, basi. Nilisema mbele ya wateja watatu. Alikusanya spana zake akavuka mto Ntahangwa kwenda Ngagara, kwa dada yake. Tulikuwa pamoja miaka kumi na tisa.

Haya, nimeandika. Aliyekosea ni yeye.

11 Februari, Jumanne

Carina ya Mama Thuwaiba. Triangle ya mbele, upande wa kulia.

Gari hii haina malipo kwangu. Mama Thuwaiba ni Mwarabu wa avenue ya tisa, babu yake alitoka Oman na duka lao la vitambaa ni la zamani kuliko lami. Mimi ni Mswahili wa mtaani tu. Lakini nilipozaliwa mama yangu aliugua, akakosa maziwa, na Mama Thuwaiba, aliyekuwa jirani na mwenye mtoto mchanga, alinyonyesha wawili. Kwa sheria yetu mimi ni mtoto wake, na Sami, mwanawe wa mwisho, ni ndugu yangu wa ziwa. Sasa mafigo yake yamechoka. Kila Jumanne na Ijumaa Sami anampeleka hospitali ya Kamenge kwenye mashine ya kusafisha damu. Akikosa siku moja anavimba miguu, akikosa mbili hatupendi kusema. Mabasi hayana mafuta, taksi pia. Tegemeo lake ni hiyo Carina.

Mkono wa zamani ulikuwa umekwisha, gurudumu linacheza ukilishika. Nilipandisha gari kwenye kriki, nikatoa gurudumu, nikagonga rotule, kile kiungo cha duara cha mwishoni, ikatoka, bolti mbili za mipira inayoshika mkono kwenye fremu zikatoka, mkono mpya ukaingia, nikakaza vyote hapo hapo mpaka spana ikalia. Dakika hamsini. Mzee Huseni na maombi yake angetumia saa mbili.

14 Februari

RAV4 ya Médiatrice, yule mama wa wizarani anayekaa Ngagara quartier ya tatu. Triangle zote mbili. Dakika tisini. Anaongea sana.

19 Februari

Mvua. Umeme hakuna. Nililala mchana.

24 Februari

Corolla moja, triangle kushoto. Mteja aliuliza kama hatakalishwa. Nikamwambia kama anataka kukaa akakae msikitini.

4 Machi, Jumanne

Tumeanza kufunga. Sami alipita akitoka Kamenge, Mama yuko kwenye kiti cha mbele, amejifunga shela, uso wake una rangi ya majivu kama kila akitoka kwenye mashine.

"Kaka Karimu," Sami akasema, "ile bruit, ile kelele, imerudi. Kwenye kila shimo: ko, ko."

"Imerudi vipi? Mkono ni mpya."

"Mi nakuambia yenye nasikia."

Nikamwambia anaendesha kama mtu anayefukuzwa. Nikasema na mengine. Mama alisema polepole kutoka ndani ya gari, "Karimu, mwanangu, uko na funga." Kesho nitaifungua gari.

5 Machi

Nimeifungua. Mpira wa mbele wa ule mkono umechanika. Wiki tatu! Mipira ya siku hizi inatengenezwa kwa maboga. Nimefunga mkono mwingine, mpya, wa duka jingine, na nimeukaza zaidi kuliko wa kwanza. Nimemwambia Sami: huu ukilia, ujue ni masikio yako.

10 Machi

Médiatrice amerudi. Alisimama mbele ya garage na mwavuli, akaongea ili hata fundi cherehani wa ng'ambo asikie.

"Mais Karimu, weye ulisema itamaliza miaka mbili. Haijamaliza hata mwezi moja!"

Nikamwambia barabara za quartier yake zina mashimo ya kufugia samaki. Akasema mashimo yalikuwepo hata kwa Mzee Huseni. Nikamwambia basi amfuate Mzee Huseni. Halikuwa neno la kusema kwa mtu, sembuse mwezi wa Ramadhani. Nilibadilisha mpira mmoja bure, nikaukaza vizuri.

Fatouma alisikia yote kutoka uani. Wakati wa futari aliniambia, "Weye ukiambiwa kitu unakuwa pilipili. Siku moja watu wataacha kukuambia." Nikamwambia hiyo itakuwa siku ya raha.

16 Machi

Mvua kubwa. Maji yaliingia mpaka chini ya meza ya spana.

21 Machi, Ijumaa

Nimemwona Sami sokoni. Nikamuuliza gari vipi. Akasema nzuri, akatazama viatu vyake. Nimefurahi. Kijana akikaripiwa anaelewa.

25 Machi

Prado, breki. Corolla ya tarehe 24 Februari imerudi na kelele. Mteja huyu naye nimemwambia habari za mashimo, nikamfungia mkono mwingine.

31 Machi, Jumatatu

Idi. Tulikwenda kwa Mama Thuwaiba kumpa mkono. Alinipa haluwa nyingi kuliko wanawe wa kuzaa, kama kawaida, na wao wakalalamika, kama kawaida. Shakuru alikuwa amepita kabla yangu. Walinionyesha kikombe chake cha kahawa, bado kina moto. Alitoka kwa mlango wa nyuma.

4 Aprili

Carina ina mwezi mzima haijarudi. Naandika hapa ili ijulikane: kazi ilikuwa nzuri, kosa lilikuwa la mipira.

8 Aprili

Mvua. Hakuna gari.

11 Aprili, Ijumaa

Leo nitaandika mengi kwa sababu siwezi kukaa.

Saa moja na nusu asubuhi Sami alikuwa anampeleka Mama. Mvua inanyesha. Karibu na daraja la Ntahangwa mtu wa baiskeli, amebeba mafungu ya ndizi nyuma, aliingia barabarani bila kutazama. Sami akakanyaga breki. Anasema gari haikusimama mbele yake, ilivutwa kulia kama imeshikwa mkono, ikaingia kwenye mtaro. Mwendo ulikuwa mdogo, alhamdulillahi. Mama aligonga bega kwenye mlango. Vijana wa barabarani waliinyanyua gari, lakini gurudumu la kulia lilikuwa limelala vibaya, haikuweza kwenda. Mpaka akapatikana mwenye pikapu, zamu ya Mama ya mashine ilikuwa imepita. Hospitali wamempa nafasi Jumatatu saa tatu asubuhi. Mpaka hapo anywe maji kwa kijiko.

Nilifika mtaroni nikakuta Sami bado amesimama kwenye mvua. Hakunilaumu. Hilo liliniumiza kuliko kama angenipiga.

Tulivuta Carina mpaka garage. Niliingia chini bila kuvua shati la Ijumaa. Ule mpira wa mbele ulikuwa umechanika mzunguko mzima, chuma cha katikati kinazunguka peke yake kama kidole kwenye pete kubwa. Gurudumu halikuwa na kitu cha kulizuia lisirudi nyuma breki zikishika. Nikatoka, nikanawa, nikafungua daftari hili. Tarehe 5 Machi. Aliyefanya: Karimu. Nimeandika mwenyewe.

Jioni nilikwenda avenue ya tisa. Mama amelala kwenye mkeka, miguu juu ya mito, kifundo cha mguu kimevimba hivi kwamba mfupa hauonekani. Aliniuliza kama nimekula. Niliogopa sana, na bado naogopa.

12 Aprili, Jumamosi

Sikufungua mlango kwa wateja. Nilikwenda kwenye rundo la chuma chakavu nyuma ya garage nikatoa mikono yote niliyoitupa tangu Januari. Nikaipanga sakafuni. Mkono mpya wa kwanza wa Carina, wa pili wa Carina niliouvua leo, wa Corolla, na ule mpira wa Médiatrice. Maduka tofauti, gari tofauti, barabara tofauti. Yote imechanika namna moja na upande mmoja, mpira umesokotwa kama nguo inayokamuliwa. Nikachimba chini zaidi nikapata mikono ya wakati wa Mzee, yenye miaka kumi na zaidi. Mipira yake imezeeka, ina nyufa ndogo pande zote, lakini hakuna uliosokotwa. Hata mmoja.

Kwa hiyo si mashimo. Si maboga. Si masikio ya Sami.

Mchana Médiatrice alipiga simu. Habari za mtaroni zimefika mpaka wizarani. "Sikiliza," akasema, "Jumatatu munaweza kuchukua RAV4 yangu, niko na litri kumi. Ule mama asikose tena." Na mimi nilimkaripia mwezi wa Ramadhani! Nilitaka kusema ndiyo. Kisha nikakumbuka ni nani aliyekaza bolti za RAV4.

"Asante sana, mama," nikamwambia, "lakini hiyo gari usiiendeshe mbio. Usiiendeshe kabisa. Ntakuja kuiona."

Nimewatafuta watu wengine wanne wenye gari. Wawili hawana mafuta, mmoja yuko Rumonge, mmoja gari yake nimeifunga mimi.

13 Aprili, Jumapili

Nilivuka mto kwa miguu kwenda Ngagara. Shakuru anafanya kazi mbele ya nyumba ya dada yake, quartier ya tano, chini ya bati mbili. Alikuwa na Corolla juu ya kriki, anabadilisha triangle, kama vile Mungu alipanga. Aliniona, akaendelea na kazi. Nilisimama kwenye manyunyu mpaka dada yake akanionea haya akaniletea kiti.

"Leo fundi mukubwa amevuka muto," Shakuru akasema mwishowe.

"Umesikia habari za Mama?"

"Nimesikia. Jana nilikuwa kwake."

"Gari zako," nikamuuliza, "za triangle. Zinarudi?"

"Apana."

"Hata moja?"

"Karimu, kama umekuja kunihesabia, rudi kwako."

Nikamwambia kuhusu mikono niliyoipanga sakafuni, jinsi yote ilivyosokotwa upande mmoja. Hapo akaweka spana chini. Shakuru ni fundi, kitu kama hicho hawezi kukiacha kipite.

"Unakaza namna gani?" nikamuuliza.

"Kama Mzee. Naweka bolti, naziacha legelege. Nashusha gari kwenye matofali. Watu wanaingia. Nasoma, nakaza."

"Kwa nini watu waingie?"

"Sijuwi," akasema. "Mi nilizania ni baraka. Weye ulizania nini?"

"Nilidhani ni baraka, ndiyo sababu nikakataa."

Tukatazamana kama wajinga wawili. Kisha nikamwomba dada yake rangi ya kucha. Alileta nyekundu. Nilichora mstari mmoja kwenye ule mpira wa mbele, kuanzia chuma cha katikati mpaka ukingo wa nje, umenyooka. Nikamwambia Shakuru akaze kama mimi, gari ikiwa juu, gurudumu linaning'inia. Akakaza. Tukashusha gari juu ya matofali, tukaingia chini wote wawili kwenye tope. Mstari ulikuwa umekatika. Chuma cha katikati kimebaki pale kilipokazwa, na mkono umepanda na gurudumu, na katikati yao mpira umejisokota kabla gari haijaenda hata hatua moja. Shakuru alilegeza bolti. Mpira ukaruka ukarudi, na mstari ukanyooka. Akaita dada yake na jirani wawili wakaingia ndani ya gari, Corolla ikashuka kidogo, akakaza. Mstari haukusogea.

Tulibaki tumelala chini pale. Juu yetu dada yake anauliza kama atoke.

Ndiyo hivyo tu. Ukikaza gurudumu likining'inia, mpira unaishi maisha yake yote umesokotwa, na kila shimo linausokota zaidi mpaka unachanika. Ukikaza gari ikiwa imesimama na uzito wake, mpira unapumzika. Mzee alijua au hakujua, sasa hatutamuuliza. Pengine naye aliambiwa na mtu, na yule mtu aliambiwa na mtu. Mimi nilitupa kazi ya watu wote hao kwa sababu ya Fatiha iliyokuwa juu yake, na Fatiha haikuwa na kosa lolote.

Nilimwomba msamaha hapo hapo kwenye tope.

"Apana," akasema. "Uliniita mushirikina mbele ya watu. Hapa ni chini ya gari, nani anakusikia?"

Nikamwambia ana haki. Akasema atakuja kesho alfajiri kuikaza Carina, hiyo moja tu, kwa ajili ya Mama Thuwaiba, kisha atarudi kwake. Sikumbishia. Fatouma hakuamini niliposema sikumbishia.

14 Aprili, Jumatatu

Sami alikuwa amepata mkono uliokwisha kutumika, wa asili, mpira wake mzima. Baada ya swala ya alfajiri nilianza. Bolti zote mbili za mipira nikaziacha legelege kwa mkono wangu, jambo gumu kwa mtu kama mimi. Rotule nikaikaza, hiyo haijali, tukarudisha gurudumu. Shakuru alifika saa kumi na mbili na nusu na matofali yake mwenyewe kwenye toroli, kana kwamba yangu yana ugonjwa.

Tuliishusha. Sami akakaa kwenye usukani. Mama Thuwaiba aliletwa kwenye kiti cha plastiki, watu wanne wamembeba, tukamwingiza mbele, kwa sababu uzito unaotakiwa ni wa watu watakaopanda kweli. Fatouma nyuma. Majirani walikuwa wamekusanyika, fundi cherehani, wenye maduka, na wateja wawili kati ya wale watatu wa mwezi wa kumi na mbili. Nikaona hapa ndipo.

Nikasema kwa sauti: "Mwezi wa kumi na mbili nilimwita Shakuru mshirikina. Yeye alikuwa anafunga gari sawasawa, mimi ndiye niliyekuwa naharibu. Gari zote za triangle nilizofunga tangu wakati ule, ni mbovu. Ni mimi." Sauti yangu ilikuwa mbaya, lakini ilisikika.

Shakuru hakunitazama. Alilala chali, akaingia chini. Nikamuuliza, "Utasoma?"

"Fatiha ni yangu," akajibu kutoka chini, "uzito ni ya gari. Weye leta spana ya kumi na saba."

Akasoma. Akakaza. Nilimpa spana.

Saa mbili kasoro dakika kumi waliondoka. Saa tatu na robo Sami alipiga simu: Mama yuko kwenye mashine. Nilikaa kwenye tairi nikalia, na sioni sababu ya kuficha kwenye daftari langu mwenyewe.

Shakuru alikuwa ameshapakia matofali yake.

16 Aprili

Nimepitia daftari, na kumbukumbu zangu za Desemba na Januari. Gari tisa. Nimewapigia wote. Watano walinitukana. Sikujibu. Najifunza.

22 Aprili

RAV4 ya Médiatrice. Mipira mipya yote, matofali, watu ndani. Yeye mwenyewe alikaa mbele na pochi mapajani na akaongea muda wote nilipokuwa chini. Alisema sasa nina sauti ya mtu. Sikuelewa, nikashukuru.

26 Aprili

Gari ya sita kati ya tisa. Mvua asubuhi, jua mchana.

2 Mei

Ya nane. Mwenye gari alikuja na familia nzima akidhani wote lazima wakae. Watoto watano nyuma. Nikakaza hivyo hivyo, ndivyo wanavyosafiri.

5 Mei

Ya tisa iliuzwa Uvira. Nimempa mtu anayevuka mpaka namba yangu.

9 Mei

Siku nne bila mvua. Vumbi limeanza.

13 Mei, Jumanne

Sami ana malaria, hawezi kusimama. Asubuhi nilimpeleka Mama mimi. Miaka yote hii nimelala chini ya Carina hiyo, na sijawahi kuiendesha yeye akiwa ndani.

Nilikwenda polepole. Tulipita daraja, tukaingia Ngagara, na kwenye kila shimo nilikuwa natega sikio upande wa kulia, mbele. Kimya. Mpira umepumzika. Mama alikuwa anatazama nje, amevaa shela yake nyeupe, mkoba wa hospitali mapajani. Uso wangu lazima ulikuwa na majivuno, maana alicheka kidogo.

"Unasikiliza," akasema.

"Nasikiliza, Mama. Hailii."

"Hailii. Ile ingine ilikuwa inalia tangu wiki ya kwanza."

Nilidhani anasema ya Februari. "Ile niliibadilisha, Mama. Tarehe tano mwezi wa tatu."

"Apana. Ile ya pili. Wiki moja tu, ikaanza. Ko, ko. Sami alitaka kukuletea. Mi nilimukataza."

Nilipunguza mwendo. Gari ya nyuma ikapiga honi.

"Ulimkataza kwa nini?"

Aliyapima maneno kwanza, kama yataniumiza.

"Ulikuwa umemufokea sana mbele ya watu, na mwezi mutukufu. Nikaona kama tukirudi tena utaona haya, na ukiona haya unakuwa mukali zaidi. Weye uko hivyo tangu mudogo, hata ziwa ulikuwa unauma. Nikamwambia Sami, wacha, ni kelele tu. Itapita."

Kuanzia katikati ya Machi mpaka tarehe 11 Aprili. Nimehesabu baadaye: safari nane za Kamenge, kwenda na kurudi, na ya tisa iliyoishia mtaroni, na yeye anasikia gurudumu likigonga chini ya miguu yake, ananyamaza ili nisiaibike. Mtu mwenye mafigo yaliyokufa ndiye aliyekuwa ananitunza mimi. Na tarehe 4 Aprili nimeandika hapa kwamba kazi ilikuwa nzuri.

Nilisimamisha gari kando, karibu na stesheni ya mafuta isiyo na mafuta. Nilishika usukani kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Mama, nakuomba. Ukisikia kitu, niambie. Hata nikiwa mkali, niambie. Hata nikikufokea, niambie."

"Kweli?"

"Wallahi."

Alinitazama usoni kuona kama nimemaliza.

"Basi iko ingine," akasema. "Nyuma, upande wangu. Tangu jana ya juzi. Si ko, ko. Ni kama mutu anakwaruza sahani."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia kwamba nyuma nilikagua mwenyewe wiki iliyopita. Nikaufunga. Nikawasha gari, nikashusha kioo cha upande wake, tukaenda mita hamsini nikitega sikio.

Ni kweli. Inakwaruza.

Nilimfikisha saa tatu kasoro, nikamkabidhi kwa muuguzi. Mashine inachukua saa nne. Nilitandika gunia kwenye maegesho, nikatoa gurudumu la nyuma.